Kwaresima Katika Duka la Mzee Salimu

Asubuhi niliyoondoka nyumbani, Muheza, sikuwa na safari. Nilikuwa nimetumwa chumvi. Njiani nikakuta lori linapakia machungwa, nikamwuliza dereva anayapeleka wapi, akasema Dar es Salaam. Nikamwuliza watu wa Dar wanayamaliza kwa muda gani machungwa yote yale, akasema hajui, kazi yake ni kuyafikisha. Nikapanda juu ya mzigo ili nikajionee. Mama alipata chumvi kwa jirani siku ileile. Mimi alinipata kwa barua, miezi mingi baadaye.

Shule nilikuwa nimeshaiacha, darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Nilichoka tu kujibu maswali ambayo mwalimu tayari alikuwa na majibu yake. Nilidhani lazima kuna mahali watu wanauliza kwa sababu kweli hawajui, na nilizunguka muda mrefu kabla ya kupaona.

Ninaandika habari za kazi ya udadisi, yaani kuzunguka na dodoso ukiwauliza watu maswali ya utafiti wa mtu mwingine. Nimestaafu mwaka huu. Wadadisi vijana niliowaacha wameniomba niwaeleze andiko la utafiti linavyopangwa na kuandikwa tangu mwanzo, kwa sababu wao huona kipande cha katikati tu: wanapewa maswali, wanarudisha majibu, basi. Nitaeleza kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe nilijifunza. Habari za nani alipanda cheo nitaziacha. Mimi sikupanda, na waliopanda hawajaniomba niandike.

Machungwa yalishushwa Kariakoo nami nikashuka nayo. (Yaliisha kabla ya adhuhuri. Nilishangaa, kisha nikakosa sababu ya kurudi.) Nilibeba mizigo sokoni, kisha nikapata kibarua Gerezani cha kuosha spea kwa mafuta ya taa. Nilikuwa kwenye kazi hiyo siku alipokuja mwanamke wa makamo mwenye ubao wenye kibanio, akaniuliza nimetoka mkoa gani, naishi na nani, nakula mara ngapi kwa siku. Nilimjibu, na kila jibu nililifungia na swali langu: majibu haya anayapeleka wapi, nani atayasoma, na akikuta wawili tumesema vitu tofauti anamwamini nani. Alivumilia, kisha akaniambia kwamba anayelipwa kuuliza ni yeye. Nikamwambia basi nami nilipwe. Akacheka, akanitaka nimfuate kesho yake nikamwonyeshe vichochoro ambavyo hakuvijua.

Huyo alikuwa Bi Tatu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwembamba, anatembea haraka, na hakuamini kalamu ya wino. Mvua ikinyesha wino unakwenda zake na majibu ya watu, alisema, lakini penseli inabaki. Leo mnatumia vishikwambi na mnaniona wa zamani, ila nimewaona mkikimbilia chini ya paa la duka huku mmevificha kifuani kama watoto wachanga.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kuuliza chochote. Nilisimama nyuma yake nikatazama. Aliuliza, akanyamaza. Mtu akijibu, aliendelea kunyamaza kidogo, na mara nyingi jibu lenyewe lilikuja hapo, baada ya lile la adabu. Jioni alinitaka nimweleze utafiti wake unatafuta nini. Nikaanza: unatafuta maisha ya vibarua, na kipato chao, na afya zao, na pia... Akaniinulia mkono.

"Liseme kwa pumzi moja," aliniambia. "Ukilazimika kuvuta nyingine katikati, hayo ni maswali mawili."

Hilo ndilo la kwanza ninalowapa. Kabla ya dodoso, kabla ya kuomba vibali, kabla hamjamwambia mtu yeyote kwamba mnafanya utafiti, swali liingie kwenye pumzi moja. Nimefanya kazi na watu waliokuja na swali la ukubwa wa nchi nzima. Walirudi na majibu mengi mazuri ambayo hayakuwa ya swali lolote.

La pili alinifundisha bila kukusudia. Alikuwa akinituma kupeleka rasimu zake kwa mpiga chapa mtaa wa pili, nami nilikuwa nikizisoma njiani, nimeegemea ukuta wowote wenye kivuli. Nilikuwa nasoma polepole, na maneno mengi niliyaruka kama madimbwi. Lakini nilianza kuona umbo. Mwanzo kabisa kuna ikisiri, muhtasari wa aya moja. Kisha utangulizi, kisha waliotangulia walisema nini, kisha yeye alifanyaje, kisha alikuta nini, kisha anadhani maana yake nini. Mwishoni orodha ya marejeo. Nikadhani yeye huketi akaandika kuanzia juu kushuka chini, kama barua. Kumbe matokeo ndiyo aliyaandika kwanza, halafu njia alizotumia, halafu mjadala. Utangulizi ulikuja karibu na mwisho, na ile ikisiri, ambayo kila msomaji huanza nayo, aliiandika ya mwisho kabisa. Nilijiona nimetapeliwa. Bi Tatu akaniuliza kama mimi huwa natangaza nimepika nini kabla sijapika.

Na alikuwa na jambo jingine: kabla ya kuwapelekea watu dodoso, aliwapa watu wachache wa pembeni wasiohusika na utafiti wamjibu, apate kujua swali lipi linachekesha, lipi linaudhi, na lipi halieleweki. Aliita kulionja. Mimi ndiye niliyekuwa mwonjaji wake kwa muda mrefu, kwa sababu sikuwa na aibu ya kusema sijaelewa.

Bi Tatu alihamia kwa mwanawe Tanga, na baadaye alifariki. Mimi niliendelea, ila sikuendelea mfululizo. Sijawahi kukaa mahali pamoja kwa kuridhika. Niliiacha kazi hii mara kadhaa: nikavua samaki Kigoma bila kujua kuogelea, nikawa tingo wa lori la korosho kule kusini, nikamsaidia fundi wa saa ambaye alikuwa mvivu kuliko saa zake. Kila mara nilirudi Kariakoo kutafuta mtu mwenye dodoso. Sijui kazi nyingine inayokupa ruhusa rasmi ya kuuliza mambo yasiyokuhusu.

Katika tafiti zote nilizofanya, ninayotaka kuieleza kwa urefu ni ya mwisho, kwa sababu ndiyo niliyojifunzia kilichobaki. Ilikuwa ya Mwalimu Neema.

Mwalimu Neema alikuwa akifundisha katika chuo kimoja cha mjini, kwa mkataba. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka, na kamati ya chuo ilikuwa imemwambia wazi kwamba hautaongezwa bila makala yake moja kukubaliwa na jarida la kitaaluma. Makala mbili alizopeleka kabla zilikuwa zimekataliwa. Ya kwanza walisema ni pana mno, ya pili walisema haina jipya. Alinieleza haya siku ya kwanza tulipokutana kwenye mgahawa wa chai karibu na kituo cha mwendokasi Gerezani, bila kujihurumia, kama mtu anayesoma bei. Alikuwa akiipenda kazi ya kufundisha. Akiikosa, alisema, angerudi Iringa kwenye duka la kaka yake kuuza mbegu, na kaka yake alikuwa ameshaanza kumtania kwamba amemwekea aproni.

Nikamtaka aliseme swali lake kwa pumzi moja. Alivuta pumzi, akaanza, akakwama, akacheka. Tulikunywa chai nyingi siku hiyo. Alianza na biashara ya Kariakoo yote, akashuka kwenye maduka ya nguo, akafika kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, ambapo duka limebanana na duka na marobota ya vitambaa yanafika dari. Mwisho akasema: "Mwenye duka dogo anaamuaje lini aagize mzigo?" Pumzi moja, na ikabaki kidogo.

Wiki kadhaa zilizofuata alisoma. Wengi wenu hatua hii mnaiona kama adhabu. Yeye aliifanya vizuri: kila andiko aliloliona kuhusu maduka madogo alilisoma akitafuta kitu kimoja, mwandishi ameishia wapi. Akagundua kwamba wengi walikuwa wameandika kuhusu fedha za kuagizia mzigo, na wachache mno kuhusu majira. Hapo ndipo palikuwa na nafasi yake. Ni lini watu wanaogopa kuagiza? Meli zikichelewa bandarini wanafanyaje? Dodoso likatengenezwa, tukalionja kwa wauza viatu wa mtaa mwingine, tukafuta maswali mawili yaliyowakera.

Kulinda siri za watu, dodoso halikuandika jina la mtu wala kama ni mwanamke au mwanamume. Lilihusu duka. Kila duka lilipewa namba, na ramani ya namba alikuwa nayo Mwalimu peke yake. Swali la kwanza lilikuwa: wewe ndiye mwenye duka? Akisema siyo, unashukuru unaondoka, unarudi siku nyingine.

Tulikuwa wadadisi watatu: mimi, Chande kutoka Mbeya, na Zuhura wa Temeke, wote wawili wapya kazini. Mimi nilipangiwa Gerezani, kwenye maduka ya spea yaliyotumika kulinganishia. Wao walipewa kichochoro. Mwalimu alifundisha Jumatatu mpaka Alhamisi, kwa hiyo siku za kichochoroni zikawa Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, apate kuwapitia. Hakuna aliyeshtuka. Ukiitazama ratiba ile kwenye karatasi, ilikuwa imenyooka kabisa.

Majibu yalikuja mazuri. Mwalimu aliandika matokeo, njia, mjadala, utangulizi, na mwishowe ikisiri. Ilikuwa kabla ya masika. Jarida alilolichagua huchukua miezi kujibu, na alikuwa amehesabu kwamba akituma wiki ile, jibu litafika kabla kamati haijakaa. Nilimshauri kitu ambacho Bi Tatu alinizoesha: kabla ya kutuma, makala isomwe kwa sauti, pamoja na majibu yote yaliyonukuliwa. Macho huruka, lakini ulimi hujikwaa. Basi tukaketi mgahawani, yeye akisoma kwenye kompyuta yake, mimi nikisikiliza na kumega chapati.

Alifika kwenye maneno ya mwenye duka mmoja aliyekuwa anaeleza majira anayoogopa kuagiza: *Kwaresima huwa nafunga, sina nguvu ya kukimbizana na makontena, kwa hiyo mzigo mkubwa nauacha mpaka Pasaka ipite.* Akaendelea mstari mmoja mbele, akasimama. Akarudi. Akatoa ramani yake, akatafuta namba.

"Mzee Sefu," akaniambia, "hili ni duka la Mzee Salimu."

Mzee Salimu nilimjua kwa sura kama kila mtu wa pale anavyomjua: mzee wa asili ya Kiarabu, babu yake alifungua duka lilelile, ndevu nyeupe, kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya joto kali. Ramadhani ile iliyopita alikuwa amempa Mwalimu tende alipokwenda kujitambulisha.

"Labda amebadili dini," nikasema.

Hakucheka. Alichukua majibu yote ya kichochoroni akaanza kuyapitia upya, safari hii akiyatazama kama mtu anayetafuta nywele kwenye chakula. Alikuta duka jingine la familia ya Kiislamu lenye Kwaresima. Akakuta duka la Mama Aika, Mchaga wa Rombo anayeuza vitenge, ambapo mwenye duka amesema biashara yake inachangamka usiku baada ya tarawehe. Na maneno yalifanana, duka kwa duka, kama yametoka kinywa kimoja. Aliifunga kompyuta. Chai yake ilikuwa imepoa na akainywa hivyohivyo.

Nitaeleza alichosema baada ya hapo, kwa sababu kila mmoja wenu siku moja atakifikiria. Alisema angeweza kulifuta neno moja. Akitoa Kwaresima, sentensi ingebaki imesimama, na hakuna mhakiki duniani anayemjua Mzee Salimu. Alisema hivyo taratibu, akinitazama, na niliona anataka nimkataze au nimruhusu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia makala ni yake, mimi ni mtu wa dodoso, ila ningependa sana kujua nani alifunga Kwaresima dukani mle. Kisha akasema na yeye angependa.

Tulikwenda kesho yake, Jumamosi, saa za mchana biashara ikiwa imetulia. Mama Aika alikuwa ameketi juu ya robota, mama mnene mchangamfu, anakata bei na mteja huku anaongea na simu. Mzee Salimu yuko mlango wa pili. Mwalimu akawaamkia, wakaitikia, tukaletewa soda tusizoziomba. Akaeleza shida yake bila kumlaumu mtu.

Mama Aika alisikiliza mpaka mwisho, na hakuona ajabu yoyote.

"Ijumaa hawa wote wanakwenda kuswali," akasema, akionyesha kichochoro kwa kidevu. "Nani anabaki? Mimi. Yule kijana alikuja akaniuliza mwenye duka ni nani. Saa hiyo mwenye duka ni mimi."

Mwalimu akamwuliza kwa upole kwa nini hakusema kwamba anamshikia jirani.

"Mwanangu, ukimwambia mteja mwenyewe katoka, anasema atarudi. Umeshamwona aliyerudi?" Akafungua soda yake. "Mtu akiuliza, mwenyewe yupo. Ndiyo desturi yetu hapa. Na sikumdanganya kijana wako. Kila nilichosema ni kweli tupu."

"Kweli yako, jirani," Mzee Salimu akadakia kutoka mlangoni kwake, "umeiweka dukani kwangu. Kumbe nafunga miezi miwili kwa mwaka, ndiyo maana nimekonda."

"Wewe nyamaza. Jumapili mimi nikiwa kanisani ulimwambia nini yule binti?"

Mzee Salimu akajipapasa ndevu. Alikiri kwamba alimwambia Zuhura yeye ndiye mwenye duka, na binti alipotazama juu ya mlango pameandikwa Mama Aika, akaandika tu. Baadaye Zuhura alitueleza kwamba alidhani ni jina la mke. Wanaume wenye maduka yenye majina ya wake zao, alisema, wamejaa mtaani, na hakutaka kumwaibisha mzee. Na Chande, aliyemkuta Mama Aika katika zaidi ya duka moja, alidhani yote ni yake.

Tulicheka, hata Mwalimu. Lakini tulipotoka pale alitembea mpaka Msimbazi akikunja vidole, na nilijua anahesabu miezi. Makala aliyokuwa nayo mkononi haikuwepo tena. Nusu ya wenye maduka wake walikuwa watu wawili.

Alipoongea hakuongea habari za kuacha. Aliniuliza: Mama Aika akiwa kwenye duka la Mzee Salimu, mteja akataka mzigo ambao haupo, anafanyaje? Nikasema sijui. Akija mletaji na robota, anapokea? Anakubali bei? Nikasema sijui hayo pia, na nikahisi ile hamu ya zamani kifuani, ya kutaka kupanda juu ya lori. Kwa miaka yote nimeishi pale, nikinunua kwa watu waliokuwa wameketi kwenye viti visivyo vyao, na sikuwahi kuuliza. Akasimama katikati ya njia, mkokoteni ukatupigia kelele tupishe, akasema kwa pumzi moja:

"Mwenye duka akitoka, nani anaamua?"

Kwa hiyo tulianza upya, na muda ulikuwa umepungua. Ratiba ilipangwa kwa saa za kichochoro badala ya saa za chuo. Tulikwenda Ijumaa kwa makusudi, na Jumapili, na siku za msiba ambapo nusu ya mtaa haipo. Swali la kwanza tulilibadilisha. Badala ya kuuliza nani mwenye duka, tuliuliza: leo asubuhi duka hili amefungua nani, na sasa hivi amekaa kwa ajili ya nani? Watu walituangalia kwa mara ya kwanza kama wenye akili. Tukajua kuna jirani wa kuuza tu, na jirani wa kupunguza bei, na jirani wa kupokea mzigo, na kwamba hivyo ni vyeo vitatu tofauti ambavyo hakuna aliyewahi kuvitaja ila kila mtu anajua chake. Mama Aika kwa Mzee Salimu alikuwa wa kupokea mzigo. Ilimchukua miaka kufika hapo, na alipotueleza alikaa sawasawa kwenye robota lake.

Chande na Zuhura walidhani watafukuzwa. Mwalimu aliwarudisha palepale, kwa sababu alitaka watu ambao hawatakosea jambo lile tena.

Sehemu ya njia za utafiti ndiyo iliyomsumbua kuandika. Wengi huandika sehemu ile kana kwamba kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Rasimu yake ya kwanza nayo ilikuwa hivyo: safi, haina Kwaresima. Alinisomea, akasita mwenyewe. Kisha akaandika upya, akaeleza kwamba utafiti ulianza na swali jingine, kwamba ratiba iliwekwa saa ambazo wenye maduka hawapo, kwamba jibu moja kuhusu mfungo ndilo lililofichua desturi yenyewe. Alihofia wahakiki watamwona mzembe. Nilimwambia inawezekana. Sikuwa na faraja nyingine ya kumpa, na naamini hamtakiwi kuitafuta: msomaji akitaka kurudia kazi yako, atahitaji kujua shimo liko wapi.

Siku hizi kuna mashine zinazoweza kuandika makala nzima kabla chai haijapoa. Chande alituonyesha. Aliipa mada yetu, ikaandika vizuri, aya zimenyooka, na katika makala yake kila mwenye duka alikuwa dukani kwake.

Mwalimu alituma masika yakiwa yanaisha. Miezi ikapita. Jibu la kwanza lilikuja na wahakiki wawili: mmoja aliipenda, mwingine aliuliza kama desturi hii si ya kichochoro kimoja tu, na kama ni hivyo, ina faida gani kwa watu wa kwingine. Walitaka marekebisho. Mwalimu angeweza kudai kwamba iko nchi nzima. Aliandika kwamba hajui, kwamba amechunguza kichochoro kimoja, na kwamba anayeishi kwingine aende akaangalie. Akarudisha. Kamati ilikuwa imeshapanga tarehe ya kukaa. Kaka yake alipiga simu kuuliza saizi ya aproni.

Ni katika kusubiri huko mimi nilistaafu. Hakuna aliyenistaafisha. Magoti yalianza kukataa ngazi, na mdadisi asiyepanda ngazi huwahoji watu wa chini tu, nayo hiyo si sampuli. Ule ubao wa kibanio wa Bi Tatu nilimpa Zuhura. Wadadisi walininunulia shati na soda, tukaagana.

Niliamka siku chache baadaye sina pa kwenda. Hali hiyo huwa inanifaa. Nilitia nguo kwenye begi, nikatoka chumbani kwangu, nikapanda treni mpaka Dodoma, na kutoka pale nikapanda basi lililokuwa linaelekea magharibi. Nilishuka Manyoni. Nimepita Manyoni maisha yangu yote nikiwa na madodoso ya watu wa mbele zaidi, na sikuwahi kushuka. Hivyo tu.

Karibu na stendi kulikuwa na gesti yenye ukuta wa samawati. Mapokezi ameketi mwanamke wa makamo, mikono ina weusi kwenye kucha, akanikaribisha vizuri. Nikamwuliza kama yeye ndiye mwenye nyumba. Akasema ndiyo, mwenyewe, nisiwe na wasiwasi. Nikaomba chumba. Akafungua droo ya kwanza hakuna funguo, akafungua ya pili, akainama chini ya meza. Mbele ya mlango, nje, kulikuwa na viroba vya mkaa na kiti kitupu.

Simu yangu ikalia wakati bado ameinama. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Neema. Aliandika: *Wamekubali, Mzee Sefu, na kamati imepokea. Ile sehemu ya Kwaresima wamesema nisiiguse.* Nikausoma mara mbili nimesimama, begi begani. Nikamjibu kwamba nimefurahi, amwambie kaka yake aproni aivae mwenyewe, na kwamba aandae swali jingine, kwa sababu na huku wapo.

Mwanamke akainuka na funguo, jasho limemtoka. Nikamwuliza mwenye nyumba amekwenda wapi. Akanitazama, akaangalia mkaa wake nje, akaanza kucheka.

"Kampeleka mtoto kliniki," akasema. "Chumba cha tatu, maji yapo. Utakaa siku ngapi?"

Nikamwambia sijui bado, akirudi mwenyewe nitazungumza naye.

"Zungumza na mimi," akasema, akaniwekea funguo mkononi. "Saa hizi mwenyewe ni mimi."